Siku niliyomfuta mwanazuoni

Miaka ile nilikuwa mhariri mchanga, na kalamu nyekundu haikunitoka mkononi. Nilikabidhiwa mswada wa mzee mmoja aliyeandika habari za watu waliomlea kielimu. Ulikuwa mswada mzuri sana, ila ulinikera kwa jambo moja: mtu yuleyule ukurasa huu anaitwa msomi, ukurasa wa pili mwanazuoni, mbele kidogo alimu, kisha mjuzi, kisha mtaalamu. Kazini tulikuwa tumezoezwa kwamba dhana moja hupewa neno moja tangu mwanzo hadi mwisho, msomaji asitangetange. Nikatazama kamusi, nikaona maana zinakaribiana. Basi nikaamua: msomi. Neno jepesi, hakuna asiyelijua. Nikaupitia mswada mzima nikikata maneno mengine yote na kuandika juu yake "msomi", na jioni ile nikafunga jalada nikiwa nimeridhika.

Mzee alikuja kuziona prufu, yaani kurasa za majaribio kabla ya kitabu kuchapwa, wiki mbili baadaye. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi. Hakulalamika. Alifungua ukurasa aliokuwa ameukunja pembe, akanigeuzia, akaweka ukucha wa kidole gumba chini ya mstari mmoja.

"Nisomee hapa, mwanangu."

Nikasoma: "Katika suala hilo wasomi walihitilafiana, nao wasomi wakangoja mpaka walipoafikiana."

"Tena."

Nikasoma tena, na safari hii sikufika mwisho. Yeye alikuwa ameandika kwamba wanazuoni walihitilafiana, nao wasomi wakangoja. Ni makundi mawili ya watu: hawa wanatafuta jibu, wale wanalingojea. Mimi nilikuwa nimewamimina wote katika chungu kimoja, na sentensi ikawa haina maana hata kidogo. Nilihisi masikio yanawaka moto.

"Chuo ni nini?" akaniuliza.

Nikajibu kama ambavyo angejibu mtu yeyote wa rika langu: mahali pa kusomea, kama chuo kikuu au chuo cha ualimu.

"Hapo umeshika mkia. Chuo ni kitabu."

Akanieleza bila haraka. Katika Kiswahili cha zamani chuo kilikuwa kitabu chenyewe, na mahali watoto walipokusanyika mbele ya kitabu hicho pakaitwa chuoni. Ndiyo maana tunasema mwanachuoni. Watu wa Lamu, ambao vyombo kwao ni zombo na vyakula ni zakula, vyuo wanaviita zuo. Kwa hiyo mwanazuoni ni mwana wa zuoni, mtu aliyekulia ndani ya vitabu. Nilikuwa nimelitumia neno hilo miaka nenda miaka rudi nikidhani lina undugu na kuzua, yaani mtu anayezua fikra mpya. Halina. Ni neno la mtoto na vitabu vyake, na tangu siku ile siwezi kulisikia bila kuviona vitabu hivyo.

"Msomi amesoma," alisema. "Mwanazuoni ndiye anayeendewa na waliosoma."

Kisha akahamia kwa alimu. Elimu, alimu, mwalimu, mtaalamu, hata maalumu, yote ni watoto wa mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kujua. Elimu ndiyo mali, alimu ndiye mwenye mali, mwalimu ndiye anayeigawa. Nikapata ujasiri wa kumuuliza kuhusu maulamaa, maana katika mswada aliandika "ulamaa" kwa watu wengi na mimi nikaongeza ma-. Kwa Kiarabu ulamaa tayari ni wingi wa alimu. Nilitarajia anikemee. Hakunikemea: alisema neno likishahamia kwetu hufuata ngeli zetu, na kwa kuwa watu husema ulamaa mmoja, maulamaa wengi, hiyo ma- yangu ibaki. Ndilo sahihisho langu pekee alilolikubali katika yote hayo, nami nililipokea kama zawadi.

Akanipa mfano wa Mwalimu Nyerere. Alirudi kutoka Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952 na shahada mkononi, jambo lililokuwa adimu mno Tanganyika ya wakati ule. Kama watu wangetaka kumsifu kwa kisomo, maneno yalikuwepo tele. Wakachagua Mwalimu, kwa sababu hawakuwa wakihesabu alichonacho, walikuwa wakihesabu anachowapa. Na Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyefasiri Kurani yote kwa Kiswahili? Alifundisha shule, akatunga mashairi, akawa kadhi mkuu wa Kenya. "Huyo ukimwita msomi ukanyamaza, hujasema uongo," alisema mzee, "lakini umempunja."

Tangu hapo nimekuwa nikiyapima maneno haya kila ninapoyakuta. Mjuzi na mjuaji yametoka katika kujua, lakini la kwanza ni sifa na la pili ni tusi, na kinachoyatenganisha ni mwisho wa neno tu. Gwiji, nguli na bingwa humfaa hata mchezaji mpira ambaye hajawahi kufungua kitabu. Mbobezi anakwambia mtu amezama katika jambo moja kwa muda mrefu, wala hakwambii amesoma wapi. Naamini kwa dhati kwamba haya si visawe vya kubadilishana kama shilingi ya kushoto na ya kulia.

Lakini sikuwa nimeona kosa langu kubwa zaidi. Mzee aliliacha la mwisho. Alirudi mwanzo kabisa mwa prufu, kwenye ukurasa wa tabaruku, ule wa kumtunukia mtu kitabu, ambao mimi niliupita haraka kwa kuwa ulikuwa na mstari mmoja. Yeye aliandika: "Kwa mama yangu, mwanazuoni wa kwanza niliyemjua." Baada ya kalamu yangu akawa msomi wa kwanza.

"Mama hakwenda shule hata siku moja," alisema. "Walipokuja wa kuhesabu watu, waliandika kwamba hajui kusoma, kwa sababu herufi hizi za Kirumi hakuzijua. Lakini alikuwa na sanduku la tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, akizisoma kwa taa usiku, na watu wazima walimjia kumuuliza neno likiwatatiza. Wewe umempa jina ambalo wale waandishi walimnyima, nashukuru. Lakini lake ni lile jingine."

Sikuwa na jibu. Nilivuta ukurasa karibu, nikakata "msomi" na kuandika pembeni neno lake, polepole, herufi moja moja, yeye akiinama kuangalia kama mtu anayesimamia kazi ya jiwe. Nilipomaliza aliomba karatasi aione kwa mbali, kwa kuwa macho yake ya karibu yalikuwa yamechoka. Akaishika kwa mikono miwili, akaisoma midomo ikicheza bila sauti, kisha akanirudishia.

"Haya," akasema. "Sasa tuanze ukurasa wa kwanza."

Tulimaliza taa zikiwa zimeshawashwa.