Kumbe ni Kadi Tu

Maneno manne, na yamenikaa kooni tangu Jumatano. Meneja alikuja akasimama kwenye mlango wa paneli ya pampu, simu mkononi, akaitazama taa ya kijani, akauliza, "Kumbe ni kadi tu?"

"Ndiyo, bosi," nikamjibu. "Ni kadi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda zake. Wiki hii wakaguzi wamekuja na kuondoka, shangazi ameruhusiwa kutoka hospitali, shemeji amehama nyumba, lakini mimi bado niko pale mlangoni pa paneli nalisikia lile swali.

Kuna mkandarasi aliyekuja kubadilisha programu dhibiti, ile ya msingi, ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoziamuru pampu zetu. Kazi ilipofika katikati umeme ukakatika. Laptopu yake ilikuwa na betri, PLC haikuwa na cha kuishikilia. Sasa, kifaa kama kile hufuta kwanza programu ya zamani kwenye kumbukumbu ya flashi ndipo kiandike mpya, kwa hiyo ukikikatiza hapo kinabaki na nusu ya kitu ambacho hakiwezi kukiendesha. Umeme uliporudi taa nyekundu ikawa inapepesa, na kwenye mtandao kimya. Mkandarasi akasema imekufa, agizeni nyingine. Akafunga begi lake.

Haikuwa imekufa. Nilichomeka waya wa mtandao kutoka kwenye PLC moja kwa moja hadi kwenye laptopu yangu, nikakaa kusikiliza. Kila baada ya muda kifaa kilikuwa kinatuma ombi la BOOTP: kinataja anwani yake ya MAC, namba yake ya kiwandani, na kuomba kipewe anwani ya IP ya kutumia mtandaoni. Maiti haiombi kitu. Maana yake ile programu ndogo inayoamka kwanza ilikuwa nzima. Iliipima programu kuu, hesabu za uhakiki zikakataa, nayo ikagoma kuiendesha, ikakaa kusubiri msaada. Nilimshika bega kijana wetu wa mafunzo nikamwambia, "Unaiona? Inatuita."

Basi ikaja hiyo kadi. Maelekezo ya kifaa yanasema weka faili la programu dhibiti kwenye kadi ya SD, ichomeke umeme ukiwa umezimwa, kisha washa. Tukafanya hivyo, wapi! Taa ile ile, mpepeso ule ule. Ikabidi tufungue kasha na kuunga waya wa seriali kwenye pini tatu za ubaoni, na hapo ndipo mtu anaweza kuua kifaa kabisa, kwa sababu pini zile ni za volti 3.3, na ukiunga waya wa RS-232 wa zamani, volti zake zinaunguza chipu papo hapo. Kijana alipima kwa multimita kabla sijagusa kitu. Skrini ikaanza kutoa mistari, na mmoja ukawa unajirudia: kadi ipo, mfumo wa mafaili haujulikani. Kadi ilikuwa mpya, ya gigabaiti 64. Kadi zinazozidi 32 kwa kawaida hutoka kiwandani zikiwa zimeandaliwa kwa mfumo wa mafaili wa exFAT, na ile programu ya kuamshia inasoma mfumo wa FAT32 tu. Tukatafuta kadi ndogo ya zamani, tukaiandaa upya, safari hii umeme ukipitia UPS, ile betri ya akiba.

Na kabla ya yote hayo tulikuwa tumechomoa viunganishi vya kutolea amri na kupiga kufuli swichi za mota. PLC ikizinduka ghafla hujui itaamuru nini, na kule chini kulikuwa na watu, mikono yao imo kwenye mabomba.

Hiyo ndiyo kadi yenyewe.

Nimelirudia lile swali nikiwa bafuni, mezani, hata kwenye foleni ya benki. Kila mara najibu tofauti. Mara namweleza yote, mara namwambia aje aishike hiyo kadi mwenyewe. Mama watoto anasema huenda mtu wa watu alikuwa anashukuru, ila hakujua aseme nini. Sikubali, lakini sina la kumpinga.

Ila nikiandika hapa nakumbuka kipande ambacho meneja hakukiona, na moyo unalainika. PLC ilipowaka ilikuwa tupu. Programu ya kazi tuliirudisha kutoka kwenye nakala, anwani ya IP tukaiweka upya, viendeshi vya mota vikakataa kuongea kwa Modbus, lugha yao ya mawasiliano, mpaka tukarudisha mipangilio ya kasi na pariti ilivyokuwa. Lakini viwango vya kuwashia na kuzimia pampu vilivyokuwa kwenye kumbukumbu vilifutika vyote, na nakala ilikuwa na vile vya siku mtambo uliposimikwa, vya miaka mingi nyuma. Kwa maoni yangu nakala ya namna hiyo ni nusu nakala.

Mzee wa zamu ya usiku akaingia, hajaitwa na mtu. Chini ya kwapa ana daftari la kurasa za mistari, jalada limeloa mafuta. Kila kiwango kilipobadilishwa, yeye alikiandika: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, na sababu.

"Andika, mwanangu," akaniambia, akaanza kunisomea polepole, kidole juu ya mstari.

Tulipomaliza akataka tuhakiki kipimo cha tangi. Sensa ile hutoa miliampea 4 tangi likiwa tupu na 20 likijaa. Haianzi sifuri, ili waya ukikatika ujue ni waya, usidhani maji yameisha. Tangi lilikuwa nusu. Multimita ikasoma 12 kamili. Mzee akainama akaisoma mwenyewe, akanitazama, akasema, "Hapo sasa." Jumatatu naomba ruhusa kila ukurasa wa daftari lile upigwe picha, na jina lake liandikwe kwenye ripoti, mstari wa kwanza.

Jambo lingine. Mtoto wetu wa pili amekuwa akisogelea televisheni mno, na ukimuuliza kama anaona vizuri anasema anaona. Mama watoto anataka tusubiri likizo ndipo apelekwe kupimwa macho. Mimi naona likizo iko mbali.