Klasi moja isigeuke mbili: kupanga na kuingiza klasi katika Python

Katika Python, lugha ya kuandikia programu, kila faili la .py ni moduli. Hakuna sheria ya klasi (kiolezo cha kuundia vitu) moja kwa kila faili, na kuifuata huleta usumbufu bure. Klasi zinazobadilika pamoja zikae pamoja. Tuseme Kitabu na Nakala zimo vitabu.py, na Msomaji yumo wasomaji.py. Weka mafaili yote mawili ndani ya folda maktaba, pamoja na __init__.py, hata likiwa tupu. Tangu Python 3.3 folda huingizika bila faili hilo, ila mimi hupendelea liwepo ili ijulikane wazi kuwa hiki ni kifurushi, yaani folda ya moduli.

Juu ya wasomaji.py andika:

from maktaba.vitabu import Kitabu

Sasa ukiendesha python maktaba/wasomaji.py, utapata ModuleNotFoundError. Sababu ni kwamba Python huanza kutafuta katika folda ya faili unaloliendesha, yaani ndani ya maktaba, na humo hakuna kitu kiitwacho maktaba. Simama katika folda inayoibeba maktaba, kisha:

python -m maktaba.wasomaji

Wengi hukwepa hatua hii kwa kuongeza njia kwenye sys.path (orodha ya folda ambamo Python hutafuta moduli), halafu huandika from vitabu import Kitabu. Kosa linatoweka, lakini hapo ndipo hatari inapoanza. Moduli iliyokwisha kusomwa hutunzwa katika sys.modules, daftari la Python, kwa jina lake. Sehemu moja ya programu ikiiita vitabu na nyingine maktaba.vitabu, faili hilohilo linasomwa mara mbili na unapata klasi mbili za Kitabu. isinstance, inayopima kama kitu ni cha klasi fulani, inarudisha False kwa kitu ambacho kwa macho yako ni Kitabu kabisa! Chapisha Kitabu.__module__ pande zote mbili. Majina yakitofautiana, umempata mchawi.

Tatizo jingine ni mzunguko: vitabu.py inamtaka Msomaji, wasomaji.py inataka Kitabu. Ujumbe wa kosa hutaja "partially initialized module", maana moduli ya kwanza haijamaliza kusomwa. Kama jina unalihitaji kwa maelezo ya aina tu (type hints), liingize chini ya if TYPE_CHECKING: (inatoka typing, na huwa False programu inapoendeshwa) na uandike "Msomaji" ndani ya alama za nukuu. Kama klasi zinaitana kwelikweli, hamishia kazi inayoziunganisha kwenye moduli ya tatu, mfano mikopo.py, iziingize zote mbili, nazo zisiijue kabisa.