Mtume mtoto dukani, utamjua mwenye duka

Ukitaka kujua duka la mtaani kwenu likoje, usiende mwenyewe. Mtume mtoto. Mtu mzima akisimama dirishani anaangalia mizani, anahesabu chenji palepale, na akipunjwa ana mdomo wa kusema. Mtoto wa miaka saba hana hata kimoja. Kimo chake kinaishia chini ya kaunta, anachoona ni nondo na mkono unaoshuka na kifuko. Ameshika elfu mbili iliyolowa jasho, na njia nzima anarudia alichoagizwa asije akasahau: sukari robo, majani ya chai ya mia mbili, kiberiti, chenji irudi. Mwenye duka anaweza kumfanyia lolote na asiulizwe na mtu. Basi atakavyomfanyia huyo, ndivyo alivyo.

Nayasema haya kwa sababu kazi yangu imenikalisha mahali pa kuona. Mimi ni fundi cherehani hapa Tandika. Cherehani yangu iko barazani, nashona magauni na sare za shule, na ng'ambo ya njia kuna maduka mawili, moja pembeni ya jingine. Kuanzia asubuhi mpaka saa mbili usiku, nikiinua macho kwenye kitambaa naona nani kasimama wapi. Maduka yote mawili yanauza vitu vilevile, vimetoka kulekule: Kariakoo kwa jumla, au vikiisha ghafla, sokoni hapahapa Tandika. Bei nazo zinafanana, zikipishana ni hamsini au mia. Lakini ikifika saa moja jioni moja lina watu mpaka barabarani, na la pili mwenyewe amekaa anachezea simu. Kwa miaka mingi nimetazama sababu ikijijenga kidogokidogo, na karibu kila mara ilipitia kwa mtoto.

Duka lenye watu ni la Mangi. Jina hilo ni la Kichaga na yeye kwao ni Makete, ni Mkinga, lakini Dar es Salaam mwenye duka ni Mangi hata akiwa katoka Pemba, na yeye anaitika.

Nianze na mizani. Stika ya Wakala wa Vipimo maduka yote mawili wanayo, kwa hiyo stika peke yake haikuambii mengi. Tofauti ni mahali mizani ilipokaa. Kule kwa jirani yake iko ndani, karibu na rafu, muuzaji akipima anampa mteja mgongo. Mangi yake ameiweka ukingoni mwa dirisha, uso wa namba umetazama nje, na chini yake amepanga kreti moja ya soda ili mtoto apande. Mtoto akipanda, Mangi anamwaga sukari taratibu na kumwuliza, "Soma hapo, imefika ngapi?" Mtoto anasoma. "Robo ni gramu ngapi?" Mwanangu wa mwisho alijua robo kilo ni gramu 250 pale dirishani, kabla mwalimu wake hajafika huko. Mtoto wa namna hiyo akirudi nyumbani, mama yake akiona kifuko kimelegea na kuuliza, jibu analo: "Niliisoma mwenyewe." Hapo hakuna tena la kubishana.

Mafuta ya kupima ndiyo yenye hila zaidi. Kikombe cha kupimia kikigongwa kitako kikabonyea kuingia ndani, kinabeba pungufu huku kwa juu kinaonekana kimejaa hadi ukingoni. Mtu mzima anaweza kukiomba akakitazama chini. Mtoto ataomba nini? Anapeleka chupa, anarudi na chupa. Siku moja bibi mmoja wa nyumba ya nyuma aliweka alama ya kalamu ya wino kwenye chupa yake, akamtuma mjukuu kwa huyu leo na kwa yule kesho, mafuta ya bei ileile. Hakugombana na mtu. Alionyesha chupa kwa mama wawili watatu waliokuja kwangu kupima nguo, na habari ikatembea yenyewe.

Chenji nayo ina mambo yake. Sarafu za hamsini na mia ni adimu, kila mtu anajua, na muuzaji hana kosa akikosa. Kosa ni kumpa mtoto pipi mbili mahali pa mia, au kumwambia "mwambie mama chenji aje achukue baadaye," maneno ambayo mtoto anayasahau akiona wenzake wanacheza mpira. Daftari la Mangi limegawanyika. Mbele wameandikwa wanaodaiwa na duka. Ukiligeuza ukaanzia nyuma, wameandikwa wanaolidai duka: mama fulani mia na hamsini, baba fulani mia mbili, chupa tupu tatu za fulani. Mtoto wa mama fulani akirudi siku ya pili kununua chumvi, hata kama hajui chochote, Mangi anageuza daftari na kumlipa. Sijaona kitu kinachomfunga mteja kama kurudishiwa mia aliyokwisha kuisahau. Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari, na wenye maduka wengi huishika methali hiyo kwa upande wa mali yao tu.

Sasa nije kwenye deni, maana hapa ndipo duka linapojengwa au kubomoka.

Jioni moja mtoto wa kike, darasa la pili, alitumwa unga nusu kwenye lile duka la pili. Palikuwa na watu. Mwenye duka akamjibu kwa sauti ya kusikika mpaka barazani kwangu: "Mwambie mama yako alete kwanza ile elfu nane ya wiki iliyopita!" Mtoto akasimama pale, hajui aondoke au asubiri. Wenzake wa shule walikuwepo, na najua yaliendelea darasani, kwa sababu mama yake alikuja kunieleza huku akilia kwa hasira. Kesho yake alitafuta elfu nane akailipa yote. Tangu siku hiyo anapita mbele ya duka lile kila siku akienda la Mangi, na wanawake wenzake wanne wa nyumba ile ya kupanga wakamfuata. Yule bwana alipata elfu nane yake. Hesabu ya alichopoteza sidhani kama ameipiga mpaka leo.

Msinielewe kwamba Mangi anakopesha ovyo. Dirishani kwake kuna karatasi imeandikwa "Leo lipa, kesho kopa", na wengi anawanyima. Anakopesha unga, mchele, maharage, sabuni, mafuta. Soda na vocha hakopeshi. Anajua nani analipwa mwisho wa mwezi, nani anapata kwa siku, nani anaamka saa tisa usiku kwenda Feri kununua samaki wa kutembeza na kwa hiyo pesa yake ipo mchana, jioni imekwisha. Anadai kulingana na hayo. Na akidai, anadai mwenyewe kwa mwenye deni, asubuhi kabla watu hawajajaa, kwa sauti ya chini: "Mama, shikamoo. Lile jambo letu limefikia wapi?" Mtoto akija na ombi la mkopo wakati mama yake ameshafika ukomo, Mangi humpa kidogo, labda robo badala ya nusu, na akishafunga duka anavuka kwenda kuzungumza na mama mtu. Mtoto hajui kitu kilichotokea. Kwangu hilo ni adabu kubwa, na ni biashara pia.

Mwenye duka anajua njaa ya nyumba zetu kabla ya ndugu zetu. Nyumba iliyokuwa inanunua unga kilo mbili ikishuka mpaka nusu, mche wa sabuni ukawa kipande, sukari ikakoma kabisa, yeye anaona. Baba amepunguzwa kazi, au ameondoka, au kuna mgonjwa. Nimekaa mbele ya duka lile muda mrefu, na sijapata kusikia habari ya jikoni kwa mtu ikitoka dirishani kwa Mangi. Kungekuwa na siri iliyovuja, ingeshafika kwenye cherehani yangu, maana huku zote hupita.

Kuna pia kile anachokataa kuuza. Zamani, kabla viroba vya pombe kali havijapigwa marufuku Machi 2017, vilining'inizwa pale pale penye pipi na bigijii, na mtoto akitumwa na baba yake alipewa kama anavyopewa chumvi. Mangi alikuwa hampi. "Mwambie baba aje mwenyewe." Na sigara mpaka leo ni hivyohivyo. Baba mmoja alikuja juu, akasema hela ni yake na mtoto ni wake. Mangi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwuzia yeye mkononi. Akina mama walioshuhudia hawakusema neno, ila nadhani siku ile alipata wateja wa maisha.

Halafu ikaja sukari. Mwaka 2024 ulipoanza iliadimika nchi nzima. Mvua za El Niño zilikuwa zimelowesha mashamba ya miwa, viwanda vikashindwa kuvuna na kuzalisha kama kawaida, na kilo moja ikapanda mpaka elfu nne, kwingine zaidi. Januari ile ikatangazwa bei elekezi, lakini bei elekezi haikuleta sukari madukani. Kwenye duka la pili sukari ikawa haipo, ila ukinunua mchele kilo tano, ipo. Mama yangu alikuwa hapa kwangu wakati huo. Aliposikia hivyo akasema ni kama mwaka 1983, siku za Waziri Mkuu Sokoine na msako wa walanguzi, sukari na sabuni zimelala chini ya kaunta na foleni inaanza alfajiri. Aliongea kwa uchungu, akataja na mwenye duka aliyemnyima sabuni akiwa na mtoto mchanga. Zaidi ya miaka arobaini, na bado anakumbuka uso wake. Nawaombeni wenye maduka mlitafakari hilo.

Mangi alichukua kipande cha boksi, akaandika kwa kalamu nene: mfuko wa kilo 50 nimenunua bei hii, robo nauza bei hii, nyumba moja robo moja kwa siku. Akakibandika kwenye nondo. Watu walinung'unika, maana bei ilikuwa kubwa na robo haitoshi nyumba yenye watoto watano. Lakini hakuna aliyesema ameibiwa. Na asubuhi mtoto akija wa kwanza na mzee wa mwisho, wote walipata. Sukari ilipoanza kushuka, boksi lile lilibadilika siku hiyohiyo, ingawa mfuko uliokuwa wazi ndani ulikuwa wa bei ya juu. Nilimwuliza kwa nini asiumalize kwanza. Akanijibu, "Mama, hao watoto wanajua kusoma."

Kuna wakati tuliambiwa maduka haya yatakufa kwa sababu ya supamaketi. Nakumatt ilichukua maduka ya Shoprite mwaka 2014, na Uchumi nayo ilikuwepo. Mwaka uliofuata Uchumi ikafunga, na baadaye Nakumatt pia. Sisemi Mangi ndiye aliyewaondoa, wale walizidiwa na madeni yao. Lakini mle hukuweza kumtuma mtoto.

Siku hizi mtoto huja hata bila pesa mkononi. Mama yuko kwenye daladala katoka Posta, foleni imemkamata, anatuma kwa simu: nimekuwekea elfu tano, mtoto anakuja, mpe unga kilo mbili na mafuta ya buku, inayobaki kaa nayo. Inayobaki kaa nayo! Hayo ni maneno ya mtu na benki yake. Na Mangi anaiandika ile inayobaki nyuma ya daftari, mahali pake.

Nimeandika haya mwezi huu kwa sababu Mangi amekwenda Makete, ana nyumba anajenga, na atakaa huko muda. Kabla ya kuondoka alimtembeza mpwa wake kijana nyumba kwa nyumba, akamtambulisha. Kwangu alisema, "Huyu ndiye mama fundi. Watoto wake ni hawa watatu, wasikie kama unanisikia mimi." Akamkabidhi daftari mbele yangu, akimwonyesha mbele na nyuma. Kijana ni mpole, anaamkia vizuri, mizani hajaisogeza, na kreti ipo palepale. Watoto nawatuma kama kawaida. Deni kwake sijachukua. Jirani yangu wa mkono wa kushoto anadaiwa tangu wiki ya kwanza, na pesa yake hutoka tarehe za mwisho wa mwezi. Nasubiri nione kijana atakavyokwenda kumdai.