Vyungu vya Ikombe

Mama mdogo hakununua chungu mjini. Mbeya vyungu vya Wakisi, wafinyanzi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, utavikuta masokoni na kando ya barabara, lakini yeye alishikilia kwamba chungu kilichopanda boti, kikapanda lori, kikashushwa na kupakiwa tena, kina ufa hata kama hauonekani. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kwenda cha tano. Akaniambia nijiandae, tunavifuata Ikombe, kijijini kwao ziwani. Akachagua Ijumaa, kwa sababu Jumamosi akina mama wa kule hupeleka mzigo gulioni Lyulilo, na yeye alitaka kuchagua kabla ya wachuuzi.

Tuliondoka Uyole alfajiri, mwezi wa sita, baridi inauma vidole. Njia ile ya kushuka Kyela naipenda kuliko zote ninazozijua. Isyonje magunia ya viazi yamesimamishwa ukingoni mwa lami. Tukuyu mashamba ya chai yamelowa ukungu na Mlima Rungwe hauonekani kabisa. Kisha migomba, migomba, migomba, na hewa inazidi kuwa nzito. Ndani ya gari, Noah ya abiria, watu walikuwa wakivua sweta mmoja mmoja. Kutoka Uyole hadi ziwani unateremka zaidi ya mita 1,200, na mwili unajua kabla hujaambiwa. Tulipofika Ipinda mama mdogo alikuwa anajipepea kwa khanga. Kakao ilikuwa imeanikwa kwenye mikeka uani, mpunga unavunwa, na yeye akanyoosha shingo kuangalia upande liliko jaruba alilokodi, ambalo lilikuwa bado halijafikiwa na wavunaji.

Matema ndipo gari lilipoishia. Ziwa Nyasa nilikuwa nimelichora mara nyingi kwenye ramani shuleni na nilijua kwa kichwa kwamba lina urefu wa zaidi ya kilomita 550 na kina cha kama mita 700. Hayo yote hayakunisaidia. Kusini hakukuwa na ng'ambo, maji yalikwenda hadi yakashikana na mbingu. Mashariki Milima ya Livingstone imesimama wima, imeingiza miguu majini, na pale mlima unapogusa maji mchanga unakoma, na wakati ule barabara nayo ilikoma. Mbele ya hapo ilikuwa kijia cha miguu au boti.

Tulipanda boti ya mashine pamoja na akina mama waliokuwa wanarudi na chumvi, sabuni na mafuta ya taa. Nahodha alimwambia mama mdogo, "Mama, saa nane uwe ufukweni. Upepo wa kusini ukiamka, mimi siondoki." Asubuhi ile ziwa lilikuwa limetulia, nikaona mawe chini na samaki wadogo wa buluu wakipita katikati yake. Kila mahali palipokuwa na kipande cha ardhi tambarare, hata kama ni cha upana wa uwanja wa netiboli, palikuwa na nyumba na mihogo michache. Juu yake ukuta wa mlima. Mitumbwi imevutwa nchi kavu, usipa, dagaa wa ziwa hili, wameanikwa juani wanang'aa.

Ikombe tulipokelewa na bibi mmoja ambaye mama mdogo alikuwa ameelekezwa kwake. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu. Karibuni, kaeni kivulini." Hakusimamisha kazi. Alikuwa ameketi chini, miguu ameinyoosha, mbele yake donge la udongo juu ya gae pana ambalo alilizungusha kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukiupandisha ukuta wa chungu. Hakuwa na kipimo chochote. Mdomo wa chungu ulitoka duara kamili, akaukata ziada kwa kipande cha kibuyu, akausugua kwa kokoto iliyolainika kwa kutumika. Vilivyokwisha kauka vilikuwa vinasubiri kuchomwa, vimepangwa kwenye uwanja na kuzungushiwa nyasi na kuni. Mabinti walikuwa wanapaka vingine ngeu, ule udongo mwekundu.

Nikamsifia kwao kulivyo pazuri. Akaangalia juu mlimani, akasema, "Pazuri, lakini hapalimiki." Akaeleza kwamba zamani, mama yake alipokuwa anapeleka vyungu kwa Wanyakyusa, hakukuwa na habari ya fedha. Mnunuzi alikijaza chungu mpunga, mpunga ukamwagwa kwenye kapu la mfinyanzi, chungu kikawa chake. Chungu kikubwa kilijiuza kikubwa. Nikaelewa kwa nini mikono ile ni stadi namna ile. Mlima uleule uliokuwa unanifanya nishike mdomo ndio uliowanyima mashamba, na udongo wa mfinyanzi ndio waliokuwa wanaula. Hilo bado linanigusa kila ninaposikia mtu akisifia mandhari ya kule, maana wasifiaji wengi hatukuwahi kuuliza watu wa pale wanakula nini.

Chakula cha mchana kilikuwa ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa ziwa lile, tena mbasa wa asubuhi ileile. Aliyeivisha alitumia sufuria. Mama mdogo akacheka, "Bibi, mfinyanzi..." Bibi akamalizia, "...hulia gaeni. Chungu kizima kinakwenda Lyulilo."

Kuchagua kulichukua muda. Mama mdogo alikinyanyua kila chungu, akakigonga kwa kifundo cha kidole huku ameinamisha sikio. Kilicholia kama kengele alikiweka kulia, kilichotoa sauti ya kufa alikirudisha taratibu, bila neno, asimvunjie mwenyewe heshima. Bei hakuvutana nayo sana. Akasema, "Mpunga wangu ukitoka nitakuletea, bibi, nawe unifinyangie vya maharage, vyenye tumbo." Bibi akakubali kwa kichwa, mikono bado ina udongo.

Saa nane upepo ulikuwa umeanza. Mawimbi yalipiga ubavu wa boti, akina mama wakapakata vyungu mapajani na mimi nikapakata viwili, nimevikumbatia, maji yananirukia usoni. Hakuna aliyeongea hadi mchanga wa Matema.

Mpunga ulipovunwa, mama mdogo alimkabidhi nahodha yuleyule debe mbili. Baada ya majuma kadhaa vyungu vikafika Uyole vimefungwa majani makavu ya migomba, vyenye tumbo kama alivyoagiza, pamoja na kimoja kidogo ambacho hatukukiagiza. Aliyevileta alisema bibi ametuma ujumbe: hicho ni nyongeza. Mama mdogo akavigonga vyote palepale barazani, kimoja baada ya kingine, na vyote vikalia.