Mvumo wa Umeme Kwenye Kanda ya Shangazi

Kanda ile ilirekodiwa harusini Ng'ambo, Unguja, katikati ya miaka ya 1980, kwa redio kaseti iliyochomekwa ukutani na kuwekwa juu ya kiti mbele ya wapigaji. Anayeimba ni shangazi yangu. Alikuwa ameshatangulia mbele ya haki nilipoipeleka studio mwaka 2014, nia yangu ikiwa sauti yake ibaki vilevile, ila tumwongezee fidla na akodiani, maana kwenye kanda vyombo hivyo vilisikika kwa mbali mno. Mzee aliyepiga akodiani usiku ule alikuwa hai, na alikubali kuja. Sisi watoto wa nyumba ile tunamwita Ami.

Kwanza tuliihudumia kanda yenyewe. Kipande cha sponji kinachosukuma utepe ugusane na hedi, yaani kichwa kinachousoma, kilikuwa kimebanduka, kwa hiyo fundi wa studio, kijana mwenye mkono mtulivu sana, alipasua ganda kwa kisu chembamba akauhamishia utepe kwenye ganda jipya. Kisha akaingiza bisibisi kwenye skrubu ndogo iliyo kando ya hedi ya deki, mashine ya kuchezea kanda. Utepe wa kaseti haufiki hata milimita 4 kwa upana, na hupita kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde; hedi ikiinama kidogo tu, sauti kali zote zinapotea. Alizungusha skrubu taratibu, sote tumefumba macho tunasikiliza. Ilipofika mahali pake, s na sh zilirudi mdomoni mwa shangazi, na rika, dufu dogo lenye vichuma vya kulia, tuliyodhani haikupigwa kabisa ikaanza kulia nyuma yake. Mimi naamini kazi nzima ilisimama juu ya hatua hiyo. Hakuna programu ninayoijua inayoweza kurudisha kitu ambacho hedi haikukisoma.

Tukaiingiza kwenye kompyuta, vipimo 96,000 vya sauti kwa sekunde, na Ami akajifunga akodiani yake. Akapiga noti moja juu ya wimbo, akaacha. Akajaribu ya pili, akatikisa kichwa. Udi ungeweza kukazwa nyuzi ukamfuata mwimbaji popote alipo, lakini akodiani haikazwi papo hapo. Noti zake ziko ndani ya vyuma vyake.

"Mwanangu, huyu ameharakishwa," aliniambia. "Nilimpigia kwa akodiani hii hii, na hapa sipo mahali tulipokuwa."

Wengine wangemwambia mzee kwamba masikio yamechoka. Kijana wa studio hakusema hivyo. Alikuwa karibu kufuta mvumo wa umeme uliokuwa chini ya wimbo wote, kazi ambayo mafundi wengi huanza nayo, lakini alipousikia usemi wa Ami akauacha na kuupima. Umeme wetu huenda mizunguko 50 kwa sekunde, na mvumo wake hurekodiwa kwa hesabu hiyo. Kwenye skrini, mstari ulikuwa kwenye 53. Basi redio kaseti ya harusini ilikuwa inavuta utepe polepole kuliko inavyotakiwa, na deki yetu, yenye kasi sahihi, ikawa inaukimbiza wimbo. Tofauti hiyo ni kama asilimia 6, yaani nusu toni. Akapunguza kasi mpaka mstari ukashuka kwenye 50.

Ami akapiga noti ileile. Ikaingia.

Na shangazi akawa shangazi. Miaka yote nilikuwa nikisikiliza kanda ile nikidhani ujanani alikuwa na sauti nyembamba. Kumbe ni ileile ya kifuani aliyotuitia uani magharibi ikikaribia.

Akodiani mpya, iliyorekodiwa kwa maikrofoni nzuri, ilikuwa safi mno ikamkaa juu ya kichwa. Hatukuichafua kwa programu. Tuliirekodi kwenye kaseti, kwa deki ileile, tukairudisha kwenye kompyuta. Ikalainika, ikapata upepo kidogo, ikarudi nyuma ya mwimbaji. Ila kasi ya deki huyumba: kufika mwisho wa wimbo akodiani ilikuwa imeachwa nyuma, na kijana ilimbidi aikate vipande vipande na kuisogeza ubeti kwa ubeti. Fidla nayo ilipita njia hiyo hiyo.

Kanda ya pili kwenye boksi lile ilirekodiwa shamba, kwa betri. Humo hakuna mvumo wowote wa kupima. Kijana aliweka kidole kwenye kitufe cha kasi, akapunguza kidogo kidogo, na Ami akasikiliza mpaka aliposema, "Hapo."