Nikeli inapigwa kwa uzito

Kwenye futiboli ya Marekani, timu nyingi za NFL, ligi kuu ya huko, sasa zikilinda hukaa nikeli: mabeki watano wa kuzuia pasi, wawili wakisimama mbali nyuma kuziba pasi ndefu. Mbele hubaki watu sita tu. Basi ukishambulia, ingiza taiti-endi wa pili, yule mchezaji mzito anayesukuma walinzi na pia kudaka pasi. Beki wa tano atalazimika kusogea mbele, na upande wake ndio wa kukimbiza mpira: ni mwepesi, taiti-endi wa kilo 115 anamsukuma. Wakimtoa na kumrudisha lainibeka wa tatu, mlinzi mzito wa katikati, igiza mbio, kisha rusha nyuma ya mgongo wake, yadi 10 hadi 15.

Kinachoharibu ni pupa. Yadi 5 za bure ziko pembeni, kwotabeki, yule mrusha pasi, anazidharau, anarusha mbali, mpira unanaswa na wapinzani. Jamani, chukueni hizo 5!