Nilivyoacha kushika pesa za nyimbo zangu

Mwimbaji wa injili akishaanza kujulikana, pesa humjia kwa vipande. Bahasha ya mazishini, noti zinazosukumwa mfukoni mwake akiwa bado anaimba, M-Pesa ya usiku wa manane kutoka kwa mtu asiyemjua aliyeguswa na wimbo, vijisenti vya mlio wa Skiza anaousikia mtu akikupigia simu, mirabaha ambayo mwaka mwingine haifikii hata nauli ya kuifuata. Siku ya mshahara haipo. Na mtu asiyejua mwisho wa mwezi utamkuta na nini hukubali kila mwaliko, hata ule anaoona wazi ameitwa ili mwanasiasa apate watu. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu baada ya akina mama wa Vihiga kuushika wimbo wangu mmoja na kuufanya wimbo wa matanga, kutoka Mbale mpaka Chavakali.

Utaratibu ulionitoa humo sikuubuni mimi. Niliuiga kwa mwimbaji Mkristo wa Marekani aliyefariki mwaka 1997, Rich Mullins. Waimbaji wenzangu huniuliza naishije, na nikianza kueleza wanacheka, kwa hiyo leo nimeona niandike mpaka mwisho bila kukatizwa.

Jina lake huenda hulijui, lakini kama ulipita CU (umoja wa wanafunzi Wakristo) ya shule yoyote ya sekondari Kenya, kuna uwezekano mkubwa umeimba wimbo wake. "Awesome God" ni wa 1988. Sisi tuliuimba bwenini, tukauimba kwenye makongamano, tukaupigia makofi mpaka viganja vikawaka, na hakuna aliyeuliza umetungwa na nani. Tulijua kiitikio tu. Beti zake, ambazo yeye huzitamka kama mhubiri aliyepandwa na mori, sikuzisikia hadi nilipokuwa mtu mzima. Mwenyewe aliwahi kusema huo ni miongoni mwa nyimbo zake zilizoandikwa vibaya zaidi. Nakubaliana naye, na bado ningebadilisha nyimbo zangu zote kwa kiitikio kimoja cha namna ile.

Alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1955, Richmond, Indiana. Hapo nilirudi kusoma upya. Sisi wa Kanisa la Marafiki, wale wanaoitwa pia Wakweka, jina Richmond, Indiana tumelisikia tangu utotoni, maana ndiko yaliko makao makuu ya umoja wa Marafiki ambao makanisa yetu mengi yamo ndani yake. Wamishenari wa Kikweka kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na leo Kenya ina Wakweka wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Mama yake Mullins alikuwa Mkweka na mtoto akalelewa humo. Nilijiona kama nasoma habari za binamu aliyepotelea ng'ambo.

Safari yake ya muziki haikuwa ya kuruka. Alisoma chuo cha Biblia Cincinnati, akaongoza nyimbo za vijana, akaandika kwa ajili ya wengine. Mwaka 1982 Amy Grant alirekodi wimbo wake mmoja, "Sing Your Praise to the Lord", na ndio uliomfungulia mlango wa Nashville, mji ambao biashara ya muziki wa Kikristo ya Marekani inazunguka. Albamu yake ya kwanza ilitoka 1986. Lakini Nashville hakukaa. Alihamia Wichita, Kansas, akaingia darasani Friends University, chuo kilichoanzishwa na Wakweka, na mwaka 1995, akiwa amekaribia miaka 40 na jina lake liko juu, akahitimu ualimu wa muziki. Kisha akaenda kuishi kwenye ardhi ya Wanavajo, upande wa New Mexico, akawa anafundisha watoto muziki.

Jukwaani alipanda na jinzi na fulana, mara nyingi bila viatu. Alipiga piano, gita, na ala nyingine ambayo kwetu sijaiona: nyuzi nyingi zimetandazwa juu ya ubao, inafanana na ile ala ya taarabu ya Zanzibar iitwayo kanuni, ila kanuni hudonolewa na hii hugongwa kwa vijiti viwili. Hebu mfikirie mwimbaji wa injili wa Nairobi akipanda peku mbele ya askofu.

Sasa jambo lenyewe. Pesa za albamu na za ziara zake hazikupita mikononi mwake. Zilikwenda kwa wazee wa kanisa lake. Wao walimlipa mshahara wa kiwango cha mfanyakazi wa kawaida wa Marekani kwa mwaka huo, na zilizobaki zikatolewa sadaka. Yeye alitaka asijue jumla. Alimpenda sana Mtakatifu Fransisko wa Asizi, na nadhani hapo ndipo wazo lilipoota, ingawa hakujifanya mtakatifu. Udhaifu wake, pamoja na wa pombe, hakuuficha.

Nilipeleka jambo hili kwa wazee wetu Jumamosi moja baada ya ibada ya maombi. Wazee wa kiume walitikisa vichwa kwa heshima, kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa. Aliyeshika suala lenyewe ni mama mmoja aliyekuwa mhasibu wa kiwanda cha chai kabla ya kustaafu. Alivua miwani.

"Kijana wetu, huyo Mzungu alikuwa na bibi?"

"Hapana, Mama. Hakuwahi kuoa."

"Nilijua. Mwanamume mwenye bibi hawezi kusema hajui anapata pesa ngapi. Atalala wapi?"

Kicheko kilipoisha, aliomba karatasi. Kila nilichonacho leo kilianzia kwenye karatasi ile.

Swali la kwanza lilikuwa kiwango. Mullins alitumia wastani wa mfanyakazi wa Marekani. Mzee mmoja akasema wastani wa Mkenya ni mtu wa jua kali, na mtu wa jua kali hana payslip, kwa hiyo tutampima kwa nini? Wakabishana, mwingine akataja mshahara wa karani wa kaunti, mwingine wa mchungaji wetu, na hapo mchungaji akakohoa. Mwisho tukakubaliana juu ya mwalimu wa P1, yaani wa shule ya msingi, anayeanza kazi. Sababu yake naipenda mpaka leo: kijijini kila mtu anajua mwalimu anaishije, anakula nini, anavaa nini, anakopa lini. Hakuna atakayesema naibiwa na hakuna atakayesema naiba.

Swali la pili lilikuwa njia za pesa. Tulichukua nambari ya till, ya kupokelea malipo ya M-Pesa, kwa jina la kamati, na akaunti kwenye SACCO yenye watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa. Mimi si mmoja wao. Simu yangu haipokei tena malipo ya wimbo. Mtu akinitumia moja kwa moja, naituma kwenye till siku hiyo hiyo na kumjulisha. Bahasha za mazishini zilikuwa ngumu zaidi, maana huwezi kumwambia mjane asubiri risiti. Tulikubaliana zihesabiwe na yule niliyesafiri naye kabla hatujapanda matatu, aandike kwenye daftari, basi.

Mshahara haukuanza mara moja. Yule mama alikataa kutoa hata shilingi kabla akaunti haijafikisha akiba ya mishahara ya miezi mitatu, kwa sababu, alisema, kwaresma na msimu wa mvua watu hawakuiti popote. Kipindi hicho tuliishi kwa duka la bibi yangu, na ningemshauri yeyote anayetaka kuanza ahakikishe kwanza kuna duka, shamba au kazi ya mtu mwingine nyumbani. Utaratibu huu hauanzi juu ya tumbo tupu.

Kitu ambacho sikuweza kuiga ni kule kutojua. Ukiwa na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, ripoti yako ya mapato lazima iwe imeingia kufikia tarehe 30 Juni, na anayeitwa kueleza tarakimu ni wewe, si wazee. Halafu bibi yangu ana haki. Kwa hiyo kila robo ya mwaka tunaletewa taarifa, yeye anaisoma mstari kwa mstari, mimi naangalia jumla. Nisichokijua ni mwenye kupokea. Fungu linalobaki hulipa karo za watoto fulani na bili za hospitali za watu fulani, na kamati haijawahi kunitajia hata mmoja. Nilipouliza, niliambiwa nikijua nitawaimbia kwa jicho. Ni kweli. Ningeangalia benchi la tatu kuona kama wanaitikia.

Faida iliyokuja haraka sikuitarajia: mialiko ilijichuja yenyewe. Mtu wa kampeni akipiga simu, namwambia apange na katibu wa kamati, malipo yanaingia kwenye till na risiti inatolewa. Wengi hukata simu hapo hapo, maana pesa yenye risiti hawaitaki. Ndugu nao. Zamani kila aliyeniona kwenye runinga alikuwa na shida ya elfu tano. Sasa namwelekeza kwa yule mama, na wengi wao shida huisha njiani. Kuna binamu yangu aliyeniambia nimejiuza utumwani kwa kanisa, na hajanizungumzisha vizuri tangu hapo. Hilo nalikubali kama sehemu ya gharama.

Nyimbo nazo zilibadilika. Nilipokuwa nategemea mazishi, kila nilichotunga kilikuwa cha mazishi: mto, ng'ambo, machozi, kupumzika. Mwezi wa kwanza nilipolipwa mshahara ule ule ingawa sikuitwa popote, niliandika wimbo kuhusu kuchuma chai asubuhi na umande, na sikuwa na mtu yeyote wa kumuuzia.

Studio ndipo Mullins alipotusaidia mara ya pili. Tarehe 10 Septemba 1997 aliingia ndani ya kanisa lililotelekezwa, akarekodi nyimbo mpya kuhusu maisha ya Yesu kwenye kikaseti kidogo. Hakupata kuzirekodi vizuri. Wenzake wa bendi na marafiki wake ndio waliozikamilisha, na mwaka 1998 zikatoka kwa namna mbili pamoja: zilizopigwa studio, na kile kikaseti chenyewe jinsi kilivyo. Sauti ya kikaseti ni mbovu, lakini wimbo unausikia wote. Kamati ikatoa kanuni kutoka hapo: hakuna pesa ya studio kabla wimbo haujasikika kwenye simu, mtu na gita tu. Mimi hurekodi kanisani kwetu katikati ya wiki. Kanisa la mabati lina mwangwi mkali, kwa hiyo natandika blanketi juu ya viti vya mbele, naweka simu juu ya rundo la vitabu vya nyimbo, si juu ya meza, maana meza huvuma ukikanyaga sakafu, na nakaa hatua chache nyuma yake. Mawingu yakionekana nafungasha. Wimbo ukiwa dhaifu, kinanda na biti za prodyuza haviufichi tena, na wazee wameshakataa baadhi nilizozipenda.

Kanuni nyingine ilitoka kwenye kifo chake. Tarehe 19 Septemba 1997, siku tisa baada ya kikaseti kile, alikuwa njiani na mwanamuziki mwenzake Mitch McVicker kwenda kuimba kwenye tamasha la hisani Wichita. Gari lao aina ya Jeep lilipinduka kwenye barabara kuu huko Illinois. Hawakuwa wamefunga mikanda, wakarushwa nje, na lori lililojaribu kulikwepa gari likamgonga yeye. McVicker aliumia vibaya lakini akapona. Mullins alikuwa na miaka 41. Niliposimulia haya kwenye kamati, mzee aliyekuwa amenyamaza muda wote, ambaye aliwahi kuendesha basi za Kisumu, alisema basi tuandike: kijana hasafiri usiku kutoka mkesha wowote, analala huko na kurudi asubuhi, na mwenye shughuli ndiye anayetoa kitanda. Waimbaji wangapi wa huku tumewazika kwa sababu ya kukimbilia ibada ya pili? Kanuni hiyo imenikosesha shughuli nyingi za Jumapili na siigusi.

Kwa sasa kuna jambo bado liko mezani. Kifungua mimba wangu anaingia sekondari. Mwalimu wa P1 mwenye mtoto sekondari huchukua mkopo wa SACCO. Mimi SACCO ninayoijua ni ile ambayo sina sahihi. Nimeiandikia kamati barua kuomba kiwango kipandishwe, kwa hoja kwamba hata mwalimu hupandishwa daraja. Yule mama amenijibu kwa ujumbe mfupi wa simu: nilete muundo wa karo wa shule yenyewe, na orodha ya mavazi nitakayoshonesha mwaka huu.